Maneno juu ya Dawa ya Minyoo ya Farasi na Punda

Wazee wetu, mabwana, na akina mama mliopanda kutoka uwandani, tumeombwa tuseme nanyi habari za dawa ya minyoo. Farasi ni wachache katika Moshi yetu. Lakini punda wachukuao maji na mizigo ni ndugu zao, na minyoo yao ni ya ukoo mmoja. Basi asiye na farasi asiondoke.

Desturi yetu ni hii: twanunua dawa sokoni, twamkadiria mnyama kwa jicho, na inayobaki twampa mwingine isipotee. Sisi nasi tumefanya hivyo. Yaonekana ni kutunza mali, kumbe ni hasara. Dawa pungufu huua minyoo dhaifu tu. Iliyo imara husalia, huzaa, na watoto wake hawaiogopi tena dawa ile. Katika nchi nyingi minyoo midogo ya farasi imekwisha kuzishinda dawa za jamii ya benzimidazoli. Ivamektini, iliyoanza kutumiwa kwa wanyama mwaka 1981, ingali yatusaidia sana, nayo ikishindwa hatuna nyingi za kukimbilia.

Kwa sababu hiyo nchi ya Denmark, tangu mwaka 1999, haimruhusu mtu kumpa farasi wake dawa hizi bila cheti cha daktari wa mifugo, naye hupima mavi kwanza, ahesabu mayai ya minyoo kwa hadubini. Maana katika kundi wanyama wachache ndio watoao mayai mengi. Wengine hawana haja ya dawa kila mara. Kwetu Tanzania dawa za mifugo zasimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Dawa isiyosajiliwa, iliyovushwa mpaka gizani, msiinunue hata ikiwa rahisi.

Uzito wa farasi mzima hupatikana kwa kamba. Pimeni mzingo wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu toka ncha ya bega hata tako, kwa sentimita. Zidisheni mzingo kwa mzingo, kisha kwa urefu, mgawanye kwa 11,900. Mzingo ukiwa 160 na urefu 150, mnyama ana kilo 322 na zaidi kidogo. Ivamektini ni miligramu 1 kwa kilo 5; huyu apewe 65. Punda ana hesabu yake. Mwulizeni bwana mifugo.

Dawa ya farasi msimpe ng'ombe mnayemkama, maana huingia katika maziwa wanywayo watoto. Tena hutoka katika mavi na kuwaua mbawakawa wanaoyachimbia ardhini, nasi wa kihamba twajua migomba yetu yaishi kwa samadi.

Farasi mmoja ameletwa hapo nje, na kamba tunayo. Twendeni tumpime.