Mtoto wa SS asingoje miaka mine ili ajulikane
(Maneno tuliyosema Katuba, Lubumbashi, tarehe 19 Juni)



Tulipoomba nafasi ya kusema leo, wengine walituuliza: nyinyi vijana wa maandamano, mambo ya waganga yanawahusu nini? Jibu liko ndani ya sasheti ambayo kamarade wetu mmoja ameshika hapa. Ni karatasi za lopitalo za mdogo wake. Tulizihesabu pamoja jana usiku: ziko kumi na moja. Tisa zimeandikwa palu.

Akiwa na miezi nane, mikono na miguu ya yule mtoto ilivimba, akalia usiku kucha. Mama akaambiwa anamfunga vibaya mgongoni. Akiwa na mwaka mmoja na nusu macho yakawa manjano: palu, serumu, rudi nyumbani. Damu ikapungua: palu tena. Upande wa baba wakasema kuna mulozi kwa ba mama. Upande wa mama nao wakajibu, tunajua namna mambo hayo yanaendaga. Kumbe karatasi ya kumi na moja tu, mtoto ana miaka mine, ndiyo inasema neno lenyewe: elektroforezi, SS. Miaka mine kwa kipimo cha matone ya damu.

Mtoto yuko hai. Yuko pale mbele na kofia yake, anatuangalia juu ameshaona kama hotuba inarefuka. Lakini alikuwa na mkubwa wake, ambaye alikufa na miezi kumi na minne. Yeye hakuna aliyempima.

Wacha tueleze kidogo, juu huu ugonjwa unasemwa sana na kujulikana kidogo. Chembe nyekundu za damu zinapaswa kuwa za mviringo na laini. Kwa mtoto wa SS zinajikunja kama mundu, zinakuwa ngumu, zinaziba njia ndogo za damu. Hapo ndipo maumivu ya mifupa yanatoka. Tena zinavunjika mbio, ndiyo maana damu inapungua na macho yanakuwa manjano. Mtoto anapozaliwa hauoni kitu, sababu bado ana damu ya tumboni inayomlinda. Inapoisha, karibu na miezi sita, mambo yanaanza. Wakati uleule wengu unaharibika, na wengu ndio askari wa mwili. Mikrobi moja ya mapafu au ya damu inaweza kumuua kwa siku moja.

Na tumalize neno la mulozi. Ugonjwa huu unatoka kwa baba NA mama. Baba AS, mama AS, wote wazima, hawajalala lopitalo hata siku moja: kila mimba iko na nafasi moja juu ya nne ya kuzaa SS. Mtu asifukuze mwanamke kwa damu ambayo na yeye ametoa nusu.

Je, ni wachache? Mwaka 2009, muganga Léon Tshilolo na wenzake wa Kinshasa walitangaza matokeo ya watoto wachanga zaidi ya 31,000 waliopimwa wakati wa kuzaliwa. SS walikuwa 1.4 kwa mia. AS walikuwa karibu 17 kwa mia. Sisi hapa uwanjani, tuhesabiane kwa macho.

Mtoto akijulikana mapema, dawa ziko. Penisilini mara mbili kwa siku, kuanza na miezi miwili au mitatu mpaka miaka mitano. Mwaka 1986 Marekani walionyesha kama inapunguza sana ile mikrobi inayoua. Chanjo zote, moskitero, asidi foliki. Na hidroksiure: jaribio kubwa lilifanywa Kinshasa kwetu, Luanda, Kilifi ya Kenya na Mbale ya Uganda, zaidi ya watoto 600 wakameza. Maumivu yalipungua, malaria ilipungua, kuongezewa damu kulipungua, hata vifo. Watoto wa Kongo walitoa damu zao ili dunia ijue dawa hii inafaa Afrika. Halafu mama wa Katuba anaandikiwa ile ile dawa, anatembea pharmacie tano.

Kitu kingine kinatukasirisha. Mama akiomba kipimo, mara nyingi wanamfanyia kile cha Emmel, anarudi na karatasi "negatifu", anafurahi. Emmel haitenganishi AS na SS, na kwa mtoto mchanga inaweza kudanganya, sababu bado ana ile damu ya tumboni. Siku hizi vipimo vya haraka viko: tone moja la kisigino, dakika chache, hata pasipo umeme. Infirmiye anaweza kujifunza.

Sasa, serikali ilizindua mwezi wa tisa 2023 uzazi wa bure, na mtoto mchanga yuko ndani mpaka siku 28. Vizuri. Tunachoomba ni hiki: katika siku hizo 28, kila materniti, kisigino cha kila mtoto kichomwe, na karatasi ya majibu ifuate mtoto kwenye karte yake ya chanjo. Penisilini ipatikane kwenye santre ya kartie, si mjini tu. Na poshi ya damu isigeuke biashara wakati mtoto anahema. Kamyo za madini zinapita barabara ya Kasumbalesa mchana na usiku. Tusiambiwe kama hakuna makuta.

Ba mama wenye watoto wa SS, shikeni haya. Homa ya 38.5 ni lopitalo siku ile ile, usingoje kesho. Anahema mbio au kifua kinauma, nenda. Midomo na viganja vimekuwa vyeupe gafula, tumbo la kushoto chini ya mbavu limevimba, nenda mbio. Mkono au mguu mmoja umelegea, nenda, hata kama ni saa nane za usiku.

Na sisi vijana: tunapendana, tunaposti mapicha, lakini elektroforezi hatuijui. Kamati yetu yote imepima wiki iliyopita. Kati ya watu kumi na wanne, watatu tuko AS. Wawili kati ya hao watatu wanapendana, na wanajua sasa.

Mama wa yule mtoto wa kofia ana mimba, atazaa mwezi wa nane. Tumeandika barua kwa wenye kuhusika, tunaomba kipimo kiwe tayari siku hiyo. Wanaotaka kutia sahihi, karatasi iko kwa kamarade wa sasheti. Wanaotaka kutoa damu, tukutane hapa hapa jumamosi saa mbili asubuhi. Kula vizuri kabla ya kuja, na kunywa maji.