Tone la Damu ya Kisigino



Mwanzoni mwa 2024, nikiwa kwenye raundi ya asubuhi, mama mmoja alininyooshea simu yake. Mwanawe wa miaka minane alikuwa kitandani na dripu mkononi, mara ya nne kulazwa ndani ya mwaka mmoja. Kwenye simu palikuwa na habari ya tiba ya jeni ya selimundu, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata. Akaniuliza: "Daktari, hii inaponya kweli?" Nikamjibu ndiyo. Kisha nikanyamaza, kwa sababu swali la pili nililiona likija machoni mwake kabla hajalitamka. Mhadhara huu ni jibu langu kwa swali hilo la pili.

Maagizo ya mwili wa binadamu yameandikwa katika vinasaba kwa herufi zipatazo bilioni 3. Mwenye selimundu ana kosa la herufi moja tu katika jeni inayotengeneza sehemu ya himoglobini. Kwa kosa hilo, himoglobini ikishatoa oksijeni hushikamana ikawa nyuzi, na chembe nyekundu ya damu iliyokuwa laini na ya mviringo hukakamaa na kupinda kama mundu. Chembe laini hujipenyeza katika mishipa myembamba kuliko unywele, mundu hunasa. Panaponasa, damu haipiti, na mtoto hulia kwa maumivu ambayo hata mofini huyatuliza kwa shida. Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba chanzo ni himoglobini yenyewe. Ili mtoto augue, lazima alirithi kosa hilo kwa baba na kwa mama, wote wawili. Nalitamka hili taratibu kwa sababu nimewaona wanawake wengi mno wakirudishwa kwao kwa tuhuma kwamba damu mbaya ni ya ukoo wao.

Kwa nini kosa hili limejaa kwetu? Jibu lilipatikana hapa hapa Afrika Mashariki. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikuwa bado mwanafunzi wa udaktari wa Oxford alipozunguka mwaka 1949 akikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria alikuta jamii ambazo zaidi ya watu 20 katika kila 100 walibeba nakala moja ya jeni hiyo. Nyanda za juu, karibu hakuna. Akaona kwamba ramani ile inafanana na ramani ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi: mwenye nakala moja haugui selimundu, na malaria humwonea huruma. Sehemu ya ushahidi huo ilitokana na wanaume 30 wa Kiluo walioambukizwa vimelea vya malaria kwa makusudi. Kati ya 15 wasio na jeni hiyo, 14 walipata malaria. Kati ya 15 wenye nayo, 2 tu. Katika vitabu nilivyosomea sikukutana na jina la hata mmoja wao. Leo ninapoambiwa kwamba tiba ya jeni ni elimu ya wenzetu, nawakumbuka wanaume wale 30. Elimu hii ina damu yetu ndani yake, na sitaki tuipokee kama watu wanaopewa sadaka.

Ufunguo wa tiba yenyewe ulipatikana kwa kuwatazama watoto wachanga. Mwaka 1948, daktari wa New York, Janet Watson, aliona kwamba mtoto aliyezaliwa na selimundu haumwi miezi ya mwanzo. Akiwa tumboni hutumia himoglobini ya aina nyingine, isiyo na kosa lile. Baada ya kuzaliwa mwili huizima kidogo kidogo na kuanza kutengeneza ile ya utu uzima, na hapo ndipo mateso huanza. Ilichukua miaka 60 kumjua anayeizima. Mwaka 2008, Vijay Sankaran, Stuart Orkin na wenzao wa Boston walionyesha kwamba ni jeni iitwayo BCL11A. Miaka minne baadaye Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walieleza CRISPR, mkasi unaoweza kuelekezwa mahali panapotakiwa katika vinasaba, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel ya 2020. Katika tiba hii mpya, kosa lenyewe halikuguswa. Mkasi ulipelekwa kukata kipande kinachoiamsha BCL11A katika seli zinazozaa damu, na himoglobini ya utotoni ikarudi kazini. Kila ninapowafundisha wanafunzi hatua hii huwa nasimama kidogo, kwa kuwa sijui jambo jingine katika tiba lililonishangaza kama hili: mwili ulikuwa na dawa yake tangu tumboni, ukaifungia.

Victoria Gray wa Mississippi alitibiwa hivyo Nashville mwaka 2019, wa kwanza Marekani kwa ugonjwa huu. Katika matokeo yaliyopelekwa kwa mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa muda wa kutosha walikaa miezi 12 mfululizo au zaidi bila shambulio kali la maumivu. Nimewahudumia watoto wasiomaliza mwezi mmoja bila shambulio. Ndiyo maana nilimjibu mama yule ndiyo, bila kusita.

Lakini tazameni inavyofanyika. Mgonjwa huongezewa damu kwa wiki kadhaa. Kisha seli shina zake, zile zinazozaa damu, huchujwa kwa mashine, mara nyingi kwa awamu zaidi ya moja, zikapelekwa maabara ya mbali kuhaririwa. Huko hukaa miezi. Zikirudi, uloto wake wa zamani, yaani kiwanda cha damu ndani ya mifupa, unaangamizwa kwa dawa kali ya saratani ili seli mpya zipate nafasi, na dawa hiyo inaweza kumnyima uzazi. Halafu analazwa wiki nyingi, akilindwa dhidi ya kila kijidudu. Ilipoidhinishwa, bei yake Marekani ilikuwa dola milioni 2.2, zaidi ya shilingi bilioni 5 za Tanzania kwa mtu mmoja. Kwetu, mtoto akihitaji chupa mbili za damu, ndugu huhangaika kutafuta wa kuchangia.

Wapo wanaosema bei itashuka, tusubiri. Sikubaliani nao. Hata ikitolewa bure, tiba ya sura hii haiwezi kuwafikia watoto wapatao 11,000 wanaokadiriwa kuzaliwa na selimundu Tanzania kila mwaka. Wachache watapona kwa kupandikizwa uloto wa ndugu, kazi ambayo Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeshaianza, na naipongeza kwa moyo wote. Walio wengi wanahitaji tiba ya sura nyingine: sindano moja mkononi, mkasi ukasafiri wenyewe hadi kwenye uloto. Hiyo si ndoto tupu. Mwaka 2025 madaktari wa Philadelphia walimtibu mtoto mchanga mwenye ugonjwa adimu wa ini kwa dawa ya kuhariri jeni iliyotengenezwa kwa ajili yake peke yake, ikapelekwa mwilini ndani ya matone madogo mno ya mafuta. Uloto ni mgumu kufikika kuliko ini, lakini njia imeonekana.

Na njia hiyo ina makaburi. Jesse Gelsinger, kijana wa miaka 18, alifariki 1999 baada ya kupewa virusi vilivyobeba jeni katika utafiti wa Pennsylvania. Paris, watoto waliozaliwa bila kinga walipona kwa tiba ya jeni, kisha baadhi yao wakapata saratani ya damu kwa sababu jeni iliyopandikizwa iliangukia mahali pabaya. Utafiti utakapoletwa kwetu, na lazima uletwe, mzazi aelezwe haya kwa lugha yake kabla hajatia sahihi. Atakayemweleza awe mtu wa kwetu, anayemjua mtoto na atakayekuwepo miaka 15 baadaye.

Sasa nije kwenye lililonileta. Tiba hiyo ya sindano ikija kesho, itamkuta nani? Watoto wetu wengi wenye selimundu hufa kabla ya miaka mitano, wengine bila jina la ugonjwa wao kuandikwa popote. Tunasema homa, tunasema upungufu wa damu, tunasema nimonia. Aliyekwisha kuzikwa hahaririwi jeni. Kwangu mimi, hatua ya kwanza ya tiba ya jeni katika nchi hii ni tone la damu kutoka kisigino cha kila mtoto anayezaliwa. Vipo vipimo vya haraka vinavyotoa jibu kwa dakika chache, kama kile cha malaria ambacho kila muuguzi wa zahanati anakijua. Akijulikana mapema, mtoto hupewa penisilini kila siku, chanjo ya nimonia kwa wakati, na baadaye haidroksiyurea, kidonge kinachoongeza himoglobini ileile ya utotoni. Matokeo ya utafiti uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda yalichapishwa mwaka 2019: kidonge hicho kilipunguza maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo vya watoto wa Kiafrika. Ni kazi ileile ya mkasi, kwa nguvu ndogo zaidi, na kwa bei ambayo bajeti ya afya inaweza kuibeba.

Wenye kupima ndio watakaokuwa na orodha. Profesa Julie Makani na wenzake wa Muhimbili wamekuwa wakiandikisha wagonjwa tangu 2004, maelfu kwa maelfu, na daftari hilo ndilo linalowafanya watafiti wa dunia wabishe hodi kwetu. Nchi yenye orodha ya watoto wake inakaa mezani na kusema masharti yake. Isiyo nayo hungoja itakachopewa.

Mama yule alikuwa amembeba mtoto mwingine mgongoni, wa wiki sita. Alipomaliza kunisikiliza alikaa kimya muda mrefu. Nikamuuliza: "Na huyu, amepimwa?" Hakuwa amepimwa, hakuna aliyemwambia. Tulimfungua kanga, muuguzi akamshika mguu, akamchoma kisigino. Majibu yalikuwa SS: alirithi kosa lile kwa baba na kwa mama. Alianza penisilini wiki ileile, na hadi leo hajalazwa hata mara moja.