Wanga, Kilogramu na Kichujio: Ugumu wa Kuchuja Maneno Yasiyotakiwa katika Ujumbe wa Kiswahili

Uchujaji wa maneno yasiyotakiwa katika ujumbe wa simu au kompyuta huanza kwa orodha. Programu hupewa maneno yaliyokatazwa, nayo huzuia kila ujumbe wenye mfuatano wa herufi hizo. Mwaka 1996 utaratibu huo uliwazuia wakazi wa Scunthorpe, Uingereza, kufungua akaunti za AOL, kwa kuwa jina la mji wao limebeba herufi za tusi la Kiingereza. Kwa upande wa Kiswahili, jina linalostahili kuwekwa kando ya Scunthorpe ni Sumbawanga.

Jina hilo, ambalo husimuliwa kuwa maana yake katika Kifipa ni "tupa uchawi", lina "wanga" ndani yake. Wanga ni wingi wa mwanga, yaani mchawi. Lakini wanga ni pia kirutubishi kilichomo katika mahindi, kuwanga ni kuhesabu, na mwanga ni nuru. Upande wa vitenzi mambo ni magumu zaidi. Mzizi -log- huzaa analoga, wamelogwa, asimloge, tulivyologana, na maumbo mengine ambayo hakuna atakayemaliza kuyaorodhesha (achilia mbali wale waandikao roga). Mtunga programu hulazimika kutafuta mzizi wenyewe, na hapo hunasa kilogramu.

Uchukuliwe mfano wa mkulima wa Msanzi, wilayani Kalambo, anayeandika: "Shikamoo mjomba, gunia la kilogramu 100 litafika Sumbawanga kesho." Kichujio kitauzuia ujumbe huo mara mbili. Mwingine akiandika: "Bibi wa nyumba ya mwisho macho yamekuwa mekundu, na watoto wa jirani wanaisha, vijana mjue la kufanya," ujumbe utapita, maana hauna hata neno moja lililokatazwa.

Hili si jambo la kubuni tu. Nchini Tanzania, hususan Shinyanga na Mwanza, wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na macho mekundu, ambayo mara nyingi hutokana na moshi wa jikoni, yamechukuliwa kuwa ushahidi. Tuhuma inayoua haihitaji neno "mchawi".

Kenya nayo ilikumbana na ugumu huo. Mwezi Aprili 2022 Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano ilitangaza orodha ya maneno ya chuki kabla ya uchaguzi, yakiwamo madoadoa, mende na kwekwe. Tume ilikuwa na sababu: madoadoa yalikwisha kutumiwa kuwataja watu waliohesabiwa kuwa wageni katika eneo fulani. Hata hivyo kwekwe ni magugu shambani kabla ya kuwa tusi jukwaani, na anayezuiwa neno moja la sitiari huokota jingine siku hiyo hiyo.

Uchanganuzi wa mofimu unaweza kuitenga kilogramu na kuloga. Hiyo ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Sehemu nzito ni kutambua nani anamwambia nani. Mtani akimwandikia mtani wake "mchawi wewe, umekula peke yako", wote wawili hucheka; jirani akiyaandika maneno hayo hayo kwa mjane aliyekwisha kunong'onezwa kijijini, mjane huyo hulala kwa ndugu usiku huo.