Msitu Uachwe Ufanye Kazi

Msikilizaji, mwaka 1966 meli ya mizigo kutoka Antwerp, Ubelgiji, ilileta sokwe hapa Dar es Salaam. Walikuwa wamenaswa wadogo, wakakulia kwenye vizimba vya Ulaya. Profesa Bernhard Grzimek, yule Mjerumani aliyeipigania Serengeti, alitaka warudi msituni. Wakapelekwa Ziwa Victoria na kufunguliwa kisiwani Rubondo. Wengine wakafuata hadi 1969. Kwa jumla hawakufika 20.

Hawakuzoezwa kwanza. Walipewa chakula kwa muda mfupi, kisha wakaachiwa kisiwa. Baadhi waliwavamia watu, wakauawa. Waliobaki walijifunza matunda ya kula, wakajua kupanda juu jioni, kuvuta matawi, kuyakunja na kuyalalia. Wakazaa. Watoto na wajukuu wao ni sokwe wa mwituni kabisa. Hakuna mwalimu aliyewafikisha hapo isipokuwa msitu wenyewe, na mimi kila nikilifikiria jambo hili nazidi kuuheshimu.

Rubondo ni kisiwa cha vilima, sehemu kubwa msitu mnene, na tangu 1977 ni Hifadhi ya Taifa. Wapo watu walioilipia heshima hiyo: wavuvi na wakulima waliokuwa wakiishi pale walihamishwa, na si haki kuwasahau tunapoisifu hifadhi. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 456, na karibu nusu yake ni maji. Humo mvuvi haruhusiwi kutupa nyavu. Sato na sangara wanazaliana kwa utulivu, kisha wanatoka wenyewe kwenda kwenye maji yanayovuliwa.

Sasa turudi huku kwetu Mbweni, pwani ya Dar es Salaam. Sisi hatuna mlima wala sokwe, lakini tuna mikoko. Shuka ufukweni maji yakitoka uitazame: mkoko umesimama juu ya mizizi yake kama mtu aliyekunja suruali, na mchu, aina nyingine ya mikoko, umechomoza vijiti vya kupumulia kwenye tope. Katikati ya mizizi hiyo ndiko wanakokulia kamba na samaki wachanga kabla ya kwenda bahari kuu. Kazi ni ileile ya maji ya Rubondo, ila hii iko mlangoni petu.

Na kwa kuwa iko mlangoni, tunaidharau. Mtu anakata boriti, mwingine anachoma mkaa, wa tatu anamwaga kifusi na kuzungusha ukuta. Bahari ikianza kula ardhi, huyohuyo analilia ukuta mwingine wa kuzuia mawimbi. Mikoko ilikuwa ikiifanya kazi hiyo bure! Nasikia watu wakisema hifadhi ni mambo ya watalii wenye dola. Mama muuza samaki asubuhi pale pwani ana deni kubwa kwa mikoko kuliko mtalii yeyote.

Kisheria mikoko yote ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi. Kwa hiyo ndugu yangu unayetafuta kiwanja cha kuona bahari, kabla hujatoa hata shilingi, nenda ofisi za Wakala wa Huduma za Misitu ukaulize mpaka wa hifadhi unapita wapi. Usitosheke na maneno ya dalali. Nanyi viongozi wa serikali za mitaa, karatasi ya mauziano ya eneo lililo ndani ya mikoko ikiletwa mezani kwenu, msiigonge muhuri.