Cherehani cha Zigizaga Nyumbani: Matumizi na Utunzaji Wake

(Mazungumzo ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya wanachama, katika sherehe za kutimiza miaka kumi)



Wasemaji waliotutangulia wamenena juu ya bei ya pamba, juu ya mbegu na juu ya maghala. Sisi tumepewa jambo ambalo kwa sura ni dogo, nalo ni cherehani. Huenda wako wazee miongoni mwetu wanaojiuliza: Cherehani kina nini na ushirika wa wakulima? Swali hilo ni la haki, nasi yatupasa kulijibu kabla ya kushika bisibisi.

Vyerehani vilivyomo katika nyumba za wanachama wetu vilinunuliwa kwa mkopo, na dhamana ya mkopo huo ni fedha zetu sote, za mwenye shamba kubwa na za mjane mwenye nusu eka. Cherehani kikishona sare za shule na mashuka, mkopo hulipika. Kikilala pembeni chini ya kanga kuukuu kwa kukosa matengenezo ya dakika kumi, deni halilali pamoja nacho. Deni hilo hulipwa kwa mahindi yaliyowekwa kwa chakula cha watoto, au halilipwi kabisa, na mwanachama mwingine aliyekuwa akingoja zamu yake ya kukopa huambiwa arudi mwakani. Hilo ndilo linalotufanya tuseme leo.

Tena tukumbuke asili ya ushirika. Miongoni mwa wale watu 28 walioanzisha chama chao mjini Rochdale, Uingereza, na kufungua duka lao tarehe 21 Desemba 1844, walikuwamo wafumaji wa nguo. Na wale wasemao kwamba mashine ni mambo ya wanaume, na wajue kuwa mwaka 1873 mwanamke mmoja wa Marekani, Helen Augusta Blanchard, alipata hati ya kumiliki uvumbuzi wa mashine ya kushona mshono wa zigizaga. Kwa hiyo mama zetu na dada zetu wanapoketi mbele ya cherehani hiki hawaketi katika kiti cha ugeni.

Sasa tutazame kazi yake. Cherehani hushona kwa nyuzi mbili. Uzi wa juu hushuka na sindano hata chini ya bamba. Sindano inapoanza kupanda, uzi huo hufanya kitanzi kidogo nyuma yake. Ndoana iliyo chini hukinasa kitanzi hicho na kukizungusha kando ya bobini, na hivyo nyuzi mbili hufungana katikati ya unene wa kitambaa. Ndoana hupita karibu mno na sindano. Basi sindano ikiwa imepinda kidogo tu, au imewekwa kinyume, ndoana hukikosa kitanzi, na mshono huruka.

Katika cherehani cha kawaida sindano hupanda na kushuka mahali pamoja. Katika cherehani cha zigizaga sindano huweza pia kuyumba kushoto na kulia, na mshono ukaenda kama njia ya nyoka. Upana wa kuyumba huko katika vyerehani vingi vya nyumbani hufika milimita 5, na katika vingine 7. Viko vifungo viwili vya kuongoza kazi hiyo. Kimoja ni cha upana, na kingine ni cha urefu wa mshono. Upana ukiwekwa sifuri, cherehani hushona mstari ulionyooka kama vile vya zamani. Ukiwekwa 4 au 5, na urefu 2 au 2 na nusu, hupatikana mshono wa kushika kingo za kitambaa zisichomoke nyuzi. Hapo ndipo penye faida kubwa kwa mshona sare. Suruali ya kaki isiyoshikwa kingo zake huanza kufumuka ndani baada ya kufuliwa mara chache, na mzazi aliyeinunua hatarudi tena kwa fundi huyo.

Kwa kitambaa kinachovutika, kama cha fulana, upana mdogo wa 1 na urefu wa 2 na nusu hutosha, maana mshono huo hunyumbuka pamoja na kitambaa ilhali mstari ulionyooka hukatika. Kwa kutia lastiki kiunoni, upana uongezwe. Kwa tundu la kifungo, urefu upunguzwe karibu na sifuri hata mishono ilale bega kwa bega, na kikaza uzi cha juu kilegezwe kidogo ili fundo lijifiche upande wa chini. Kwa kushona kifungo chenyewe, urefu uwe sifuri, na gurudumu lizungushwe kwanza kwa mkono, ili ihakikishwe kuwa sindano yaingia katika tundu zote mbili bila kugonga.

Liko onyo ambalo asilolijua mtu huvunja sindano siku ya kwanza. Mguu wa kushonea mstari ulionyooka una tundu dogo la duara, bali mguu wa zigizaga una nafasi pana. Kadhalika bamba la sindano liko la tundu dogo na liko la tundu refu. Kabla ya kugeuza kifungo cha upana, hapana budi kutazama kwamba mguu na bamba vyote viwili ni vya zigizaga. Wala upana usigeuzwe wakati sindano imo ndani ya kitambaa, ipandishwe kwanza.

Tuje kwenye sindano. Kwa uzoefu wetu, cherehani kinachoitwa kibovu mara nyingi kina sindano mbovu. Namba ya sindano, kama 80 au 90, ni unene wake kwa sehemu za mia za milimita. Kwa hiyo sindano ya 90 ina unene wa milimita 0.9. Kwa kitambaa chepesi sana yafaa 70. Kwa kanga na kitenge, 80. Kwa kaki na gabadini, 90. Kwa jinzi, 100. Kitambaa cha fulana hutaka sindano yenye ncha ya mviringo, isiyokata nyuzi zake. Shina la sindano lina upande mmoja wa bapa. Katika vyerehani vingi vya zigizaga ubapa huo huelekea nyuma, lakini viko vinavyouelekeza ubavuni, kwa hiyo kitabu cha maelezo kisitupwe. Sindano isukumwe juu hata mwisho wake, ndipo skrubu ikazwe. Iliyoshona kwa saa nane hivi imekwisha kazi yake, hata kama kwa macho yaonekana nzima. Na iliyopinda isinyooshwe kwa koleo. Itupwe ndani ya kopo lenye kifuniko, mbali na miguu ya watoto.

Kosa la pili lililo la kila siku ni vitanzi vingi chini ya kitambaa. Mshonaji huona fujo iko chini, naye hulaumu bobini. Kumbe aghalabu kasoro iko juu, kwamba uzi haukuingia vema kati ya visahani vya kikaza uzi. Visahani hivyo hufunguka mguu unapoinuliwa, na hufunga mguu unaposhushwa. Kwa hiyo sheria ni kwamba uzi utungwe mguu ukiwa juu. Ukitungwa mguu ukiwa chini, uzi hulala nje ya visahani, haushikwi na kitu. Utoe wote, uinue mguu, utunge upya, na katika hali nyingi ugonjwa utakuwa umekwisha. Skrubu ya bobini isiguswe kabla ya kujaribu hayo. Kisha, unapoanza kushona, shika ncha za nyuzi mbili kwa nyuma kwa mishono michache ya kwanza, na gurudumu la mkono ulizungushe kila mara kuja upande wako. Ukilirudisha kinyume, uzi hujisokota chini.

Wala kitambaa kisivutwe kwa mikono. Meno yaliyo chini ya mguu yamewekwa ili kukisogeza. Kazi ya mkono ni kukiongoza tu, kama mtu anayemwongoza ng'ombe wa jembe aliyekwisha jua njia. Anayevuta huipinda sindano, na sindano iliyopinda hugonga bamba na kukatika.

Sasa usafi na mafuta. Sisi wakulima wa pamba tulijue jambo hili kuliko wengine, kwa maana tumeliona pambani na maghalani: nyuzinyuzi za pamba hutua kila mahali. Chini ya bamba, kati ya meno na ndoana, hukusanyika manyoya ya uzi, nayo yakichanganyika na mafuta na vumbi huwa kama kipande cha blanketi. Mafuta hukaukia humo, na cherehani huwa kizito. Basi kila mwisho wa kazi kubwa, ondoa sindano na mguu, fungua bamba, toa bobini, na ufagie kwa brashi ndogo. Usipulize kwa mdomo, maana pumzi ina unyevu, na unyevu huleta kutu.

Baada ya kufagia, tia tone moja la mafuta katika njia ya ndoana, na tone moja moja katika kila tundu la mafuta ambalo kitabu chaonyesha. Tone moja latosha. Kisha shona kitambaa cha ovyo mpaka mafuta ya ziada yatoke, yasije yakachafua sare nyeupe ya mtu. Mafuta yawe ya cherehani, yale mepesi na meupe. Mafuta ya kula huganda yakawa kama gundi. Mafuta ya injini ni mazito mno. Ikiwa cherehani kimekwisha kuganda kwa mafuta mabaya, tone la mafuta ya taa hulegeza uchafu ule. Lakini mafuta ya taa hayalainishi. Yapanguswe yote, ndipo yatiwe mafuta yenyewe. Kwa vyerehani vya umeme, waya uchomolewe kabla ya kufungua chochote, na tena kila umeme unapokatika, usije ukarudi kwa ghafula mguu ukiwa juu ya kanyagio. Mota isitiwe mafuta bila kitabu kuagiza. Kwa vya kukanyaga kwa miguu, ukanda usiwe wa kubana sana, maana utakifanya kizito na kula vyuma vyake.

Viko vitu ambavyo mwenye nyumba asivifanye. Ikiwa sindano mpya imewekwa sawasawa, uzi umetungwa sawasawa, na bado mishono yaruka au sindano yagonga chuma, basi wakati wa ndoana na sindano kukutana umehama. Hiyo ni kazi ya fundi. Kumwita fundi kwa jambo hilo ni busara, bali kumlipa nauli ya kutoka mjini ili aje kubadili sindano ni hasara iliyo wazi. Twawaomba viongozi wa vyama vya msingi waweke katika maduka ya pembejeo, pembeni mwa mbegu na dawa, sindano za namba hizi nne na chupa ndogo za mafuta ya cherehani.

Limebaki jambo gumu kuliko yote, nalo si la chuma. Kwetu kumnyima jirani ni aibu. Kwa hiyo cherehani huazimwa, kikabebwa kichwani kutoka nyumba hata nyumba, na kila mkono ukageuza vifungo upendavyo. Kikirudi kimeharibika, hakuna aliyekiharibu, na mwenye deni ni yule yule mmoja. Wako waliogombana kwa ajili hiyo hata hawasalimiani. Shauri letu ni hili: jirani asinyimwe, bali na aje na kitambaa chake, akaribishwe, akishone pale pale cherehani kilipo, mwenyewe akiwapo. Ujirani hudumu, na chombo hudumu.

Tena kila kikundi kichague mtu mmoja wa kukitunza chombo, awe na daftari. Aandike siku ya kutia mafuta, siku ya kubadili sindano, ugonjwa uliotokea na malipo ya fundi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari; nasi makatibu twaijua kweli ya neno hilo. Daftari hilo ndilo litakaloiambia Halmashauri, pasipo maneno mengi, kikundi kipi chastahili mkopo wa pili.

Mwisho, kalenda. Shule hufunguliwa Januari, na kazi ya sare hutujia Novemba na Desemba, wakati ule ule tunapopanda pamba. Atakayengoja mpaka hapo ndipo akifungue cherehani chake atakuwa na jembe mkononi, wateja mlangoni na uzi uliokatika. Twashauri basi kwamba matengenezo yafanywe Septemba na Oktoba, pamba ikiwa imekwisha kuuzwa na mikono ikiwa na nafasi. Na katika mkutano ujao wa mwaka, kila chama cha msingi kije na hesabu mbili kuhusu vyerehani vyake: vingapi vyashona, na vingapi vimelala.