Tukimbie Pamoja, Tusikimbizane

Ninyi mliolala chini ya hema, ninyi mnaokaa kwa ndugu waliowapokea, na ninyi wenyeji mliofungua mlango na kugawana chakula kidogo mlichokuwa nacho, wote karibuni katika mazungumzo yetu ya amani.

Leo nataka tuongee juu ya mbio. Najua kuna mtu atacheka na kusema: huyu naye, sisi tumekimbia miaka na miaka, atatufundisha nini tena? Ana haki ya kucheka. Katika Kiswahili chetu neno ni moja tu. Mwenye kuhama vita anakimbia, na mwenye kushindana kwa mchezo anakimbia. Yule tunamwita mkimbizi, huyu mkimbiaji, lakini miguu ni ile ile na moyo unapiga vile vile. Ndiyo sababu mbio za mchezo kwetu haziwezi kupangwa kama zinavyopangwa mahali ambapo watu hawajawahi kuacha sufuria ikichemka motoni wakaondoka.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita niliwasaidia vijana wa mtaa kupanga mbio za kilometa tano. Tulitaka wenyeji na waliohama wajuane. Tuliandaa vizuri: njia tuliipima, maji yalikuwepo, na mipira miwili ya zawadi. Jambo moja tulisahau. Hatukuwaambia watu wa avenue ya chini. Asubuhi, jua halijapanda vizuri, nikapuliza filimbi, na vijana karibu sitini wakateremka mlima wakipiga kelele za furaha. Sasa jiulizeni watu wa kule chini waliona nini. Waliona vijana sitini wanakuja mbio, kelele mbele, filimbi nyuma. Wamama walinyakua watoto. Mmoja aliangusha beseni lake la unga katikati ya njia, likakanyagwa lote. Bibi mmoja alipotea mpaka saa nane mchana. Tulimkuta ndani ya migomba, amejificha na mjukuu wake, na hakukubali kutoka mpaka mwanawe mwenyewe alipofika na kumwita. Hakuna aliyeumia, Mungu asifiwe. Lakini siku tatu tulizunguka nyumba kwa nyumba tukiomba msamaha, na unga wa yule mama tuliulipa. Mipira ya zawadi hata sikumbuki ilichukuliwa na nani.

Kwa hiyo ninyi mashefu wa vijiji na wa avenue, na ninyi wakubwa wa kambi, nawaomba mlishike hili kabla ya mengine yote. Mbio zitangazwe siku tatu mbele, si mara moja tu. Zitangazwe kanisani, msikitini, sokoni, na kwenye bomba la maji, maana pale ndipo wamama wanapopata habari za kweli. Semeni saa ngapi, njia gani, watu wangapi. Waambieni pia polisi na askari walio kwenye bariere, muwaambie uso kwa uso, na siku yenyewe mtu mzima anayejulikana asimame pale nao. Kijana anayekuja mbio kuelekea kizuizi cha askari wasiojua habari, huyo yuko hatarini. Mbio zianze jua likiwa limepanda, na ziishe kabla ya mchana kuwa mkali. Jioni, hapana.

Filimbi nayo iacheni nyumbani. Mnajua ninyi wenyewe kwamba usiku filimbi na kugonga masufuria ndiyo sauti ya kuitana wezi wanapoingia, au jambo baya zaidi. Bunduki ya kuanzisha mbio, fataki, hata mpira wa hewa wa kupasua, vyote hivyo havifai kwetu. Chukueni kitambaa cheupe, mtu akiinue juu, kila mmoja akione, kisha akishushe. Ngoma pia inafaa, ikiwa imezoeleka mahali penu kuwa ya sherehe.

Halafu kuna mambo ya orodha. Mtu akija na kalamu na karatasi kati ya watu waliohama, wengi wanafikiri ni posho inakuja, na watajiandikisha hata wazee wasioweza kusimama. Wengine wataficha vijana wao wa kiume, kwa sababu wameshaona majina ya vijana yakiandikwa na vijana wenyewe wasirudi. Semeni wazi: orodha hii ni ya mbio, haina unga wala mafuta ndani yake, na baada ya mbio tutaichoma mbele yenu. Kisha ichomeni kweli. Andikeni jina na namba, basi. Kabila lisiulizwe, wala kijiji mtu alikotoka.

Na msifanye kikosi cha wenyeji hapa na kikosi cha waliohama pale. Nimeona mahali walifanya hivyo kwa nia nzuri kabisa, na ilipofika mwisho watu walikuwa wakihesabu ushindi kama wanavyohesabu mashamba. Njia ninayoipenda mimi ni ya kupokezana kijiti: watu wanne katika kundi moja, wawili wenyeji na wawili waliohama, wanawake wawili na wanaume wawili, kila mmoja akimbie kilometa moja. Hapo mwenyeji anasimama njiani akimngoja mgeni kwa hamu, maana bila huyo mgeni yeye hawezi kuondoka. Zawadi iwe kitu cha kugawanywa na wanne. Pesa mkononi zinaleta maneno.

Mtu asiseme kwamba haya ni ndoto. Huko Kenya kaskazini-magharibi, mwaka 2006, wapiganaji wapata 2,000 wa makabila sita walikimbia mbio za amani mjini Kapenguria, watu ambao walikuwa wameibiana ng'ombe na kuuana kwa muda mrefu. Aliyewaita ni mama mmoja wa Kipokot, Tegla Loroupe, ambaye mwaka 1994 alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda marathoni ya New York. Huyo huyo aliongoza kikosi cha wakimbizi kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Katika wanamichezo kumi wa kikosi kile, watano walikuwa wakimbiaji wa Sudani Kusini walioishi kambini Kakuma, na wawili walikuwa watoto wetu wa Kongo, Popole Misenga na Yolande Mabika, ambao wao mchezo wao ulikuwa judo. Na mwaka ule ule, katika bendera yetu wenyewe, Beatrice Kamuchanga, binti aliyefanya mazoezi yake Goma, alikimbia mita 5,000. Ninawataja ili wazazi wajue kwamba msichana anayekimbia asubuhi hajapotea.

Sasa nigeukie wewe unayetaka kuanza, ambaye hujawahi kukimbia bila kufukuzwa.

Anza polepole kuliko unavyotaka. Huna saa? Hesabu hatua. Kimbia hatua 100, tembea hatua 200, rudia mara nane au kumi, kisha nenda nyumbani. Fanya hivyo siku tatu katika juma, na katikati pumzika. Baada ya majuma mawili au matatu, kimbia 200, tembea 200. Kipimo cha mwendo ni mdomo wako: ukikimbia na mwenzako mkaweza kuongea maneno mazima, mwendo ni mzuri, ukishindwa kumaliza neno, punguza. Na kama umetoka Uvira au bonde la Ruzizi ukaja Bukavu au Goma, usishangae pumzi ikikukatika. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi juu ya bahari, Ziwa Kivu kwenye mita 1,460. Hewa ya huku ni nyepesi zaidi. Jipe majuma machache, mwili utazoea.

Kuna jambo ambalo vitabu vya mbio haviandiki, kwa sababu vinaandikiwa watu walioshiba. Ukiwa unakula mara moja kwa siku, usikimbie siku uliyobeba maji mara tatu. Bidoni moja ya lita 20 ni kilo 20 mgongoni, na mama anayepanda nayo mlima ameshafanya mazoezi kuliko sisi sote. Siku hiyo apumzike. Ukiwa na homa usikimbie kabisa. Nenda kituo cha afya upimwe malaria. Mama mwenye mimba amuulize mwuguzi kwanza. Anayenyonyesha amnyonyeshe mtoto kabla ya kuanza, na akirudi anywe maji ya kutosha.

Viatu? Watu watakuambia bila viatu vya duka huwezi. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Roma mwaka 1960 miguu mitupu, lakini Roma hakuna mawe ya volkano. Kwenye mawe yale meusi yaliyotoka Nyiragongo, miguu mitupu itachanika. Tafuta njia ya udongo, au viatu vya mpira vilivyofungwa vizuri, kandambili zinateleza. Ukirudi, osha miguu kwa sabuni, ikaushe hata kati ya vidole, angalia funza na vidonda. Wasichana wanaweza kuvaa suruali chini ya kitenge, na mzee asiyependa afunge mdomo wake. Mkimbie wawili wawili au zaidi, msipite njia za msituni. Na mahali palipopiganwa vita, msiache njia iliyokanyagwa na watu kila siku, hata kwa kwenda haja ndogo. Chuma usichokijua usikiguse wala usikipige teke. Mwambie shefu.

Jambo jingine nalisema kwa sauti ya chini. Wapo watu ambao moyo ukianza kupiga haraka na jasho likitoka, wanarudi palepale, kwenye siku ile. Mwili haujui kwamba leo ni mchezo. Ikikutokea, hujaingiwa na wazimu, wala hujarogwa. Simama. Taja kwa mdomo vitu vitano unavyoviona: mti huu, nyumba ile, mbuzi, mawingu, rafiki yangu. Tembea na mwenzako mpaka pumzi itulie. Unaweza kuendelea, unaweza kurudi nyumbani. Na ninyi mlio karibu, atakayemcheka mtu wa namna hiyo aondolewe kwenye mbio siku hiyo hiyo.

Njiani sasa. Ukifanya mazoezi peke yenu kwenye barabara ya magari, kimbieni upande wa kushoto, ili moto na magari yanayokuja muyaone usoni. Siku ya mashindano ni tofauti: wote wakae kuume, na mwenye mbio zaidi apite kushoto akisema, "Nafasi, ndugu." Asisukume. Wanaojua kwamba watatembea wasimame nyuma wakati wa kuanza, si aibu. Mtu akianguka, aliye karibu naye amwinue, hata kama anashindania namba ya kwanza. Kukata kona au kupanda moto kidogo, hilo watoto waliokaa juu ya ukuta wameliona, na watalisema.

Mama mwenye mzigo na kijana mwenye chukudu wapite wao kwanza. Ninyi mnacheza, wao wako kazini, na chukudu yenye magunia ya makaa haisimami kwa sababu wewe una namba kifuani.

Maji ya njiani yawe yametiwa dawa au yamechemshwa, na kila mkimbiaji aje na kikombe chake. Kikombe kimoja kikizunguka midomo mia moja, tutakuwa tumepanga mbio za kolera.

Mwisho wa njia ukishafika, usisimame pale pale. Songa mbele, tembea, wengine wanakuja. Nyuma kabisa ya wote awepo mtu mzima tunayemwita mfunga njia. Yeye hashindani. Anatembea na wa mwisho, awe nani, na mpaka wao wawili wafike hakuna kamba inayofunguliwa, hakuna bidoni la maji linalobebwa, hakuna hotuba. Ninawaomba sana mashefu kwa hili. Nimeona mkubwa mmoja anakabidhi zawadi ya kwanza, anapigwa picha, anaingia kwenye gari lake. Nusu saa baadaye akatokea mama mwenye watoto watano, mmoja wa waliohama, amekimbia na kutembea njia yote, na pale mwisho alikuta vijana wakikunja kamba. Alipita katikati yao akaenda kuteka maji. Mwaka uliofuata hakujiandikisha, na wenzake aliokaa nao pia hawakujiandikisha.

Wengi wameuliza namna ya kupima kilometa bila chombo. Tafuteni kamba, ipimeni mita 50 kwa futi ya seremala, kisha wawili waivute njiani mara 20. Hiyo ni kilometa moja. Wekeni alama ya chokaa. Kazi hiyo ifanywe na kijana mmoja mwenyeji na mmoja aliyehama, kila mmoja ashike upande wake wa kamba.

Na wale ambao wameshapanga mbio za mwisho wa mwezi: najua mmetangaza. Hata hivyo, jioni ya kuamkia siku yenyewe, piteni tena avenue ya chini, mkabishe hodi kila mlango, hasa penye bibi anayeishi peke yake. Kwaherini.