Mahali pa Kuweka Kipandikizi cha Titi na Hali ya Mgonjwa Baadaye: Mazingira ya Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Titi lililoondolewa kwa sababu ya saratani huweza kujengwa upya kwa kipandikizi cha silikoni. Kipandikizi hicho huwekwa juu ya msuli mkubwa wa kifua, yaani chini ya ngozi na mafuta yake, au chini ya msuli wenyewe. Matumizi yake yalianza Houston, Marekani, mwaka 1962. Kilipowekwa juu ya msuli, ngozi mara nyingi ilikufa, kipandikizi kikatokeza nje, na kovu linalokizunguka likakaza mpaka kifua kikawa kigumu na kuuma. Ndipo madaktari wakahamia chini ya msuli. Katika miaka ya 2010 wengi walirudi juu, wakitumia wavu wa kukishikilia kipandikizi.

Katika upasuaji wa chale ndogo, daktari hupitia kwapani au kwenye mkunjo wa chini ya titi, pengine kwa msaada wa kamera, na huibakiza ngozi, wakati mwingine pamoja na chuchu. Kovu huwa fupi na hujificha. Kazi ya ndani, hata hivyo, ni kubwa vilevile: ngozi ikichunwa nyembamba mno hukosa damu, hufa, na kipandikizi hulazimika kutolewa.

Umatengoni, yaani nchi ya Wamatengo wa Mbinga, uchaguzi wa juu au chini ya msuli unagusa jembe. Wanawake ndio wanaofukia udongo wa ngolo, yaani kilimo cha mashimo cha Wamatengo, kwenye miteremko, na kila jembe linapoinuliwa msuli wa kifua hukaza. Kipandikizi kilicho chini yake husukumwa, titi likahama na kubadilika umbo kazi inapoendelea. Kikiwa juu ya msuli kero hiyo haipo, ila kwa mwanamke mwembamba mikunjo ya kipandikizi huonekana chini ya ngozi.

Mionzi ndiyo huamua mengi kuliko jembe. Tanzania wagonjwa wengi wa saratani ya matiti hufika hospitali wakiwa hatua ya tatu au ya nne, na wengi wao huhitaji mionzi kama ile inayotolewa na Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Mionzi huongeza maambukizi na kukaza kwa kovu, popote kipandikizi kilipo. Kwa mgonjwa anayehitaji mionzi ni salama zaidi kusubiri, kisha kujengewa titi kwa nyama yake mwenyewe, ya mgongoni au tumboni.

Kipandikizi pia si cha maisha. Huweza kupasuka na kuhitaji kubadilishwa. Mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliondoa sokoni duniani kote baadhi ya vipandikizi vyenye uso wa kukwaruza, kwa kuhusishwa na saratani adimu ya limfu. Ufuatiliaji ni wa miaka, na kutoka Mbamba Bay hadi Mbinga peke yake ni kilomita 66, kabla ya Songea na safari ndefu ya Dar es Salaam. Asiyeweza kurudi kliniki hupata nafuu ya kweli kwa titi bandia la kuvaliwa ndani ya sidiria.

Aliyewekewa kipandikizi apewe barua inayotaja aina yake, tarehe, na kama kipo juu au chini ya msuli. Akifika hospitali ya Liuli au ya Litembo kutoka kijijini kama Kihagara, titi limevimba, jekundu na la moto, mhudumu asilichome sindano kwa kubahatisha. Aanze dawa ya maambukizi na ampigie simu daktari aliyempasua siku hiyohiyo.